Bado Mmoja

Mtu anayetafuta gari Mwembe Tayari hupewa habari tele kabla hajauliza chochote. Gari la kwanza linatoka sasa hivi. La pili nauli yake haina mfano. La tatu, kwa maneno ya manamba ambaye keshaukamata mkoba wa mama wa watu, ndilo la mwisho leo. Habari zote hizo haziwezi kuwa za kweli kwa pamoja. Mama analijua hilo, na manamba anajua kwamba mama analijua. Lakini jua ni kali, mtoto yuko mgongoni, na Voi haitamfuata Mombasa.

“Bado mmoja, mama! Panda twende!”

Abiria mzoefu huyaacha maneno akahesabu vichwa. Gari la watu 14 lililo na watu wawili litakaa hapo hadi adhuhuri. Lenye watu 12 litaondoka punde. Ni hesabu nzuri, isipokuwa manamba wameijua zamani. Katika steji nyingi za Kenya wapo watu ambao kazi yao ni kukaa garini tu: hulipwa kidogo, hujifanya wasafiri, kisha huteremka mmoja baada ya mwingine kadiri abiria wa kweli wanavyoingia. Basi anayeujua mchezo huanza kutazama mizigo, maana msafiri wa mbali asiye na hata kifurushi hutia shaka. Na hao wakaaji, wakishang’amua hilo, hawashindwi kupakata begi tupu.

Mwaka 1992 mwanauchumi Abhijit Banerjee alichapisha makala kuhusu kufuata kundi, na mfano wake ulikuwa mikahawa miwili iliyo jirani. Watu wa kwanza wakiingia mkahawa mmoja, anayefuata huona busara kuingia humo humo, hata kama fununu aliyokuwa nayo moyoni ilimwelekeza kule kwingine. Fununu yake inazikwa. Wa nne naye anaona watu watatu, hajui kwamba wa tatu hakuwa na uhakika. Mkahawa mbaya unaweza kujaa namna hiyo, na ukimhoji mteja mmoja mmoja utakuta kila mmoja alitumia akili yake vizuri kwa kile alichokiona. Banerjee hakuitaja steji, lakini wakaaji wa kulipwa wangemwelewa kwa sentensi moja.

Wanauchumi wenyewe walichelewa kufika hapa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 vitabu vyao vya darasani vilimweka sokoni mtu wa ajabu: anajua bei za maduka yote, anajua ubora wa kila bidhaa, anajua hata yeye mwenyewe atataka nini mwaka ujao. George Stigler wa Chuo Kikuu cha Chicago ndiye aliyeandika, mwaka 1961, kwamba habari nayo ni bidhaa yenye gharama. Kuulizia bei kunakula muda na nauli. Kwa hiyo mtu mwenye akili huulizia mpaka pale faida ya duka linalofuata inapokuwa ndogo kuliko usumbufu wa kulifikia, kisha akanunua. Ni jibu safi, na lina tundu. Ili mtu ajue aulizie mara ngapi, sharti kwanza ajue bei zimetawanyika vipi sokoni, na hicho ndicho asichokijua yule mama wa Voi.

Herbert Simon alikuwa karibu zaidi na mama huyo. Simon alianza utafiti wake kwa kuwachunguza maofisa wa mji wa Milwaukee waliokuwa wakigawa fedha za viwanja vya michezo, akaona kwamba hakuna aliyekuwa akitafuta mgawo ulio bora kuliko yote. Mwaka 1955 aliiweka hoja hiyo katika makala: binadamu hana muda, hana habari, wala hana ubongo wa kulinganisha kila njia; hujiwekea kiwango, na cha kwanza kukivuka kiwango hicho ndicho anachokichukua. Gari lenye matairi yasiyong’aa kwa upara, dereva ambaye macho yake hayajawa mekundu, nauli isiyozidi kilichofungwa kwenye pindo la leso. Likipatikana, safari. Kwa kazi hiyo Simon alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978, na hadi leo wapo wanaoisoma kama habari ya udhaifu wa akili za watu. Si haki. Anayesisitiza kulinganisha magari yote ya Mwembe Tayari atalala Mwembe Tayari.

Mahali hapa pamezoea watu wanaoondoka bila kujua. Masimulizi ya mji husema misafara ya bara ilijipanga hapa chini ya mwembe kabla ya kuvuka kutoka kisiwani. Mwenye mtaji alibaki Mombasa. Mali yake, yaani merikani, kaniki, ushanga na masango ya shaba, ilipanda vichwani mwa wapagazi ikaenda kutafuta pembe za ndovu. Habari za soko zilirudi na msafara wenyewe, baada ya miezi mingi, wakati haziwezi tena kubadili chochote. Ushanga ulikuwa balaa hasa. Wasafiri wa karne ya 19, Richard Burton miongoni mwao, walieleza kwamba aina za ushanga zilikuwa chungu nzima na kila nchi ilikuwa na rangi yake. Rangi iliyogombaniwa mahali pamoja, siku chache mbele haikununua hata kuku. Joseph Thomson, aliyeondoka pwani Machi 1883 kuikata nchi ya Wamaasai, alifika Taveta akaambiwa kwamba shanga zake, hata zikiwa za aina inayotakiwa, hazitapokelewa mpaka zitungwe kwenye nyuzi za urefu uliozoeleka. Msafara ukasimama, watu wakaketi kutunga shanga.

Mfanyabiashara aliyekopa mtaji na kuununulia ushanga Mombasa hakuwa akicheza dadu. Dadu lina pande sita na kila upande unajulikana. Mwanauchumi Frank Knight alilitenga jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1921: kuna hatari inayoweza kukadiriwa, ambayo kampuni ya bima huiuza na kuinunua, na kuna hali ambayo hata orodha ya yanayoweza kutokea haipo. Kwa Knight, faida ya mfanyabiashara hutoka katika hali hii ya pili. Hasara nayo hutoka huko huko, ingawa wenye kutajirika hawapendi kuitaja.

Lakini kuna kosa jingine la kujua kidogo, na mfano wake mzuri ulitengenezwa Rabai, ng’ambo tu ya kisiwa. Wamishonari Johannes Rebmann na Jakob Erhardt hawakuwa wameyafikia maziwa makuu. Erhardt, alipokuwa akikaa Tanga, aliwauliza wafanyabiashara wa misafara: njia yenu inaishia wapi? Mmoja akasema inaishia kwenye maji makubwa. Wa njia nyingine akasema hivyo hivyo, na wa njia ya tatu pia. Wote walisema kweli; mmoja alikuwa akizungumzia Nyasa, mwingine Tanganyika, mwingine lile ambalo Waingereza baadaye wangeliita Victoria. Erhardt akajumlisha. Ramani iliyofika Ulaya mwaka 1855 na kujadiliwa London ilikuwa na ziwa moja refu mno, limejinyoosha katikati ya Afrika kama konokono aliyevuliwa gome. Watu London walicheka, kisha wakatoa fedha: mwaka 1857 Burton na John Hanning Speke walikuja pwani, wakapita hadi Rabai kumwona Rebmann, wakaenda kulitafuta ziwa hilo.

Hakuna shahidi aliyedanganya katika kisa hicho. Uongo ulizaliwa pale shuhuda tatu zilipounganishwa kuwa moja.

Jumla ya namna hiyo hufanyika kila jioni katika biashara ya matatu. Mwenye gari hajui limebeba abiria wangapi, limekaa kwenye foleni saa ngapi, wala limerushwa juu ya matuta mara ngapi. Anachokijua ni hesabu: kiasi ambacho dereva lazima akilete, siku iwe njema au mbaya, na kinachobaki ni cha dereva na makanga. Wakosoaji huuona mpango huu ndio mama wa mwendo wa kasi barabarani, nao wana sababu. Ila ukimweka mwenye gari mahali pake, asiyeona kitu tangu alfajiri hadi usiku, atapanga nini kingine? Akilipa mshahara, gari litalala chini ya mti. Akitaka asilimia, ataambiwa abiria walikuwa wachache. Nambari moja iliyokubaliwa asubuhi ndiyo inayoweza kuhakikishwa usiku.

Watafiti Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer walilijaribu jambo hili Nairobi kwa kufunga vifaa vya kufuatilia mwendo katika matatu 255, kisha wakawapa baadhi ya wenye magari habari zote kwenye simu: gari liko wapi, linakwenda kasi gani, limewaka saa ngapi. Wenye magari walioona waliteremsha hesabu, madereva wakafanya kazi saa nyingi zaidi na kuacha kuyapitisha magari kwenye njia za kuyavunja, faida ikapanda. Usalama wa abiria haukubadilika. Taarifa za mwendo wa hatari zilikuwemo katika simu hiyo hiyo, lakini mwenye gari hakuwa na sababu ya kuzifanyia kazi, kwa kuwa shingo iliyo hatarini si yake.

Shingo hizo zina habari zao. Dereva anayeyapita malori kwenye kona za Barabara ya Mombasa huonekana na kila mtu aliye ndani ya gari, na kila mtu hunyamaza, akidhani labda ni yeye peke yake mwenye woga. James Habyarimana na William Jack walibandika karatasi ndani ya matatu za masafa marefu za Kenya, zenye picha na maneno ya kuwahimiza abiria wapaze sauti dereva anapohatarisha maisha yao. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2011, madai ya bima ya magari yaliyobandikwa yalipungua kwa nusu au zaidi. Karatasi hizo hazikumfundisha abiria chochote kuhusu udereva. Zilimwambia tu kwamba wenzake nao wameona.

Ukitoka Mwembe Tayari ukashuka hadi Mtaa wa Biashara, unakuta suluhisho la zamani zaidi. Leso mpya dukani ni leso tu. Kwamba rangi itachuja au kitambaa kitalegea, utajua baada ya kuifua, na duka liko mbali na pipa la kufulia. George Akerlof alionyesha mwaka 1970, kwa mfano wa magari makuukuu ya Marekani, kwamba muuzaji akijua ubora na mnunuzi asijue, bidhaa nzuri zinaweza kusukumwa nje ya soko na mbaya. Majarida matatu yaliikataa makala yake kabla ya la nne kuikubali. Tuzo ya Nobel ilifuata mwaka 2001. Kaderdina Hajee Essak, duka lililoanzishwa mwaka 1887, halikuingoja nadharia. Leso zake hubeba maneno Mali ya Abdulla, na mwanamke wa Lamu au wa Vanga huyatafuta maneno hayo kwenye kitambaa kwa sababu mama yake na bibi yake walishaifua leso hiyo kwa niaba yake. Steji haina bibi wa namna hiyo. Abiria wa leo na manamba wa leo huenda wasionane tena, na pasipo kuonana tena jina jema halilipi.

Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi ilipofunguliwa, Mei 31, 2017, ilileta kitu kigeni kwa msafiri wa Nairobi: nauli iliyoandikwa, shilingi 700 daraja la kawaida, kwa kila mtu, awe na suti au na gunia. Mwaka 2024 ikawa 1,500, nayo imeandikwa vile vile. Mabasi yalipoteza abiria, na si kwa sababu ya nauli peke yake. Kujua tangu nyumbani utalipa ngapi na utaondoka saa ngapi kuna thamani yake, hata ikibidi ulipe tena kufika kituo cha Miritini. Hata hivyo bei iliyoandikwa inajua mambo machache. Haijui kwamba leo shule zimefungwa, wala kwamba behewa la tatu ni tupu. Manamba huyajua mambo ya namna hiyo, naye huyatumia dhidi yako mwezi wa Desemba.

Kisiwani humu humu, Nyerere Avenue, lipo soko ambalo lilipaswa kuwa kinyume cha steji katika kila kitu. Mnada wa chai ulianzia Nairobi mwaka 1956 ukahamia Mombasa mwaka 1969, na leo huuza chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine za ukanda huu. Hapa habari hununuliwa kwa vijiko. Kabla ya mnada sampuli hupelekwa kwa wanunuzi. Mwonjaji huifyonza chai kwa kishindo, huizungusha mdomoni, huitema, na kwa sekunde hizo chache anajua imetoka upande upi wa Bonde la Ufa, ilichelewa kiwandani au haikuchelewa, na itamfaa mnywaji wa Karachi au wa Cairo. Zamani bei ziliitwa kwa sauti. Tangu janga la Korona mwaka 2020 huitwa kwa kompyuta.

Friedrich Hayek, katika makala ya mwaka 1945 ambayo wanafunzi wa uchumi huisoma hadi leo, aliuliza swali ambalo chumba cha mwonjaji hulijibu kwa vitendo. Maarifa yanayohitajika kuendesha uchumi, alisema, hayapo mahali pamoja. Yametawanyika kwa watu wengi, kila mmoja na chembe yake ya mahali na wakati, na bei ndiyo inayobeba chembe hizo kutoka kwa mtu hadi mtu bila yeyote kulazimika kuzieleza.

Julai 2021 serikali ya Kenya, Peter Munya akiwa Waziri wa Kilimo, iliweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya viwanda vya wakulima wadogo vinavyosimamiwa na shirika la KTDA. Si uamuzi wa kuchekwa. Wakulima wadogo zaidi ya 600,000 walikuwa wameona bei zikiporomoka, na wengi waliamini kwamba madalali na wanunuzi walikuwa wakipangiana. Anayeishi kwa chai na haoni mnada ana haki ya kushuku. Nambari ile ilikuwa jibu la kisiasa kwa shaka ya kweli.

Ila ilikuwa nambari moja. Chai ya mashariki ya Bonde la Ufa, kutoka Murang’a, Kirinyaga au Meru, kwa kawaida hununuliwa ghali kuliko ile ya magharibi, ya Kericho, Bomet au Kisii; kwa ya mashariki dola 2.43 ilikuwa sakafu, kwa ya magharibi ikawa dari lisilofikiwa. Kisha dunia ikageuka. Pakistan, mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya, iliishiwa dola, waagizaji wake wakashindwa kupata fedha za kulipia shehena. Misri nayo ikabanwa vivyo hivyo. Katika mnada wa kawaida habari hizo zingeonekana asubuhi hiyo hiyo kama bei iliyoshuka. Sasa bei haikuruhusiwa kusema. Habari zikatafuta njia nyingine ya kujionyesha, nazo zikajionyesha maghalani: mifuko ya chai isiyouzwa ikarundikana mamilioni ya kilo, na chai si divai, kukaa hakuiongezi ladha. Mwaka 2024 sakafu iliondolewa.

Aliyemsoma Hayek angefunga mjadala hapo, na angekosea kwa kufunga mapema. Kuondolewa kwa sakafu hakukumwondolea mkulima wa Bomet shaka yake. Hulipwa kiasi fulani kila mwezi kwa majani mabichi, halafu mara moja kwa mwaka hutangaziwa bonasi, nambari moja inayojumlisha minada ya mwaka mzima, gharama za kiwanda, mikopo, kuni, umeme na thamani ya dola. Jirani zake wa mashariki hupata zaidi, mara nyingine zaidi sana. Anaambiwa sababu ni ubora. Huenda ndiyo, sehemu kubwa. Lakini katika nambari moja hawezi kutenganisha ubora wa majani yake na deni la kiwanda chake, kama Erhardt alivyoshindwa kutenganisha ziwa na ziwa.

Na kwa nambari hiyo anatakiwa kuamua jambo la nusu karne. Mchai huchukua miaka kadhaa kabla ya kuchumwa vizuri, na ukitunzwa huishi kuliko aliyeupanda. Wako wakulima waliokwisha kuing’oa michai yao wakaweka mahindi au malisho ya ng’ombe wa maziwa. Mtaalamu wa ofisini anaweza kuwaambia wamekosa subira. Anayepanga kung’oa au kubakiza, hata hivyo, angepaswa kubashiri mambo ambayo mtaalamu mwenyewe hakuyabashiri. Februari 2025 kundi la wapiganaji wa RSF wa Sudan na washirika wake walikutana Nairobi kutia saini makubaliano ya kuunda serikali yao. Machi serikali ya Sudan ilijibu kwa kupiga marufuku bidhaa zote kutoka Kenya. Sudan ilikuwa mnunuzi mzuri wa chai, na makontena yaliyokuwa tayari kwa safari yakabaki Mombasa, huku wenye mali wakipiga simu kutafuta mtu wa nchi nyingine anayekunywa chai ya aina ile ile, na kwa bei gani.